Stoo ya Vifaa, Artik

Saa moja kasoro. Theluji ya Aragats haijaamua rangi.
Nafungua dirisha la stoo, natafuta kalamu.
Wachonga mawe wanakuja, pumzi zikiwatangulia,
nami nagawa chuma kama mgawa mkate:
drili nambari nne, msumeno wa duara, nyundo yenye mpini mpya.
Patasi ya mzee Grigor nimeizuia.
Kichwa kimechanua kama uyoga kwa kupigwa;
siku moja ukingo ule utaruka,
na jicho halina spea.
Ananuna. Na anune.

Arshavir ana miaka kumi na tisa
na haraka ya miaka kumi na tisa.
Jana alirudisha grenda uchi,
kikinga kakivua, kakitia mfukoni kama kofia kanisani.
“Kilinizuia kufika kwenye kona.
Na kwani ajali ina kinga, Nvard?”
Ajali haina, nikamwambia,
lakini grenda inayo. Hii hapa. Ina skrubu mbili.
Zikaze, nikiona.

Leo nimemfundisha kusikiliza.
Kinoo kipya, kabla hakijafungwa kwenye mashine,
nakitundika kidoleni kama bangili ya jitu,
nakigonga kwa mpini wa bisibisi.
Kizima huitika, ngiii, sauti ndefu.
Chenye ufa hukohoa: dap.
Ufa wenyewe huuoni hata ukipangusa, hata ukileta taa.
Nikampa vitatu. Akagonga.
Ngiii.
Ngiii.
Cha tatu akakirudia mara mbili, akaniangalia,
akakiweka chini polepole
kama aliyeshika nyoka akidhani kamba.
Nikakivunja kwa nyundo palepale,
asije akakiokota mwenye haraka kuliko yeye.

Sikumsimulia habari za baba.
Misak, aliyechonga mawe ya waridi
ya nusu ya nyumba za mtaa wetu.
Asubuhi ya baridi, glavu za sufu, drili ya meza ikizunguka:
uzi mmoja ulinasa,
uzi ukaita glavu,
glavu ikaita mkono.
Mama ndiye aliyezifuma zile glavu.
Hakufuma tena kitu, hata soksi za wajukuu.

Jioni nahesabu vilivyorudi.
Plagi zote nje ya ukuta, nyaya zimekunjwa,
waya mmoja umechubuka, naufunga utepe mwekundu: usiguswe.
Grenda imerudi imevaa.
Arshavir ana vumbi la waridi usoni kote
isipokuwa miduara miwili safi, palipokaa miwani.
Anasaini kwa mkono mmoja, mwingine kauegemeza dirishani.
Kumi, nahesabu, naye hajui.

Kisha nyumbani, naweka kahawa motoni, nasikiliza mlango.
Baba hubisha hodi kwa vidole viwili.
Sijawahi kumkosea na mtu mwingine.