Somo la Nne: Sauti

Kwanza tulizima kiyoyozi,
maana maikrofoni haina adabu,
husikia kila kitu wala haichagui.
Julai, Ibra, saa nane mchana,
madirisha tumeyaziba kwa mablanketi ya wodini,
na Muhanna, fundi wetu wa video,
jasho lamdondoka juu ya kibodi.

Bi mkubwa kalala, kanga begani.
Nikadhani ndiyo aliyotoka nayo Wete.
Hapana, akanisahihisha, hii nililetewa.
Ile ilikwisha zamani, ikawa tambara la kufutia taa.

"Mwataka nini hasa kifuani mwangu?"
Vali moja haifungi sawasawa, nikamwambia,
damu hurudi nyuma, ikirudi hupiga mluzi mdogo.
Wanafunzi wanahitaji kuusikia.
"Wangapi?"
Mia mbili hapa. Na wa Salala. Na wa Khasab,
huko mlimani, mtandao unakokatika katikati ya neno.
Akacheka. Kicheko kikaharibu rekodi ya kwanza.
"Na mie juzuu amma sikuimaliza!
Leo nasomesha madaktari."

Kwenye fomu akatia sahihi kwa herufi kubwa za kujikaza.
Sauti chukueni, akasema, jina liacheni.
Ndiyo maana hapa simtaji.

Wiki tatu tukahariri sekunde kumi na nne.
Muhanna akachora vali, nyekundu na buluu,
mishale ikienda, ikirudi, ikienda.
Akafuta kikohozi changu,
akafuta mlio wa kiti,
na kile kicheko akakihifadhi pembeni,
faili akaliita USIFUTE.

Alifariki Ramadhani, kumi la mwisho.
Nilirudi kutoka mazikoni, nikafungua kompyuta
nisahihishe maswali ya somo la tano,
kidole kikateleza, au sijui,
kikabonyeza kitufe cha somo la nne.
Ukapiga.
Uleule, na mluzi wake,
ukapiga mara kumi na sita, ukanyamaza,
kioo kikaniuliza: *Urudiwe?*

Nikakaa na swali hilo mpaka adhana ya alfajiri.

Juzi kijana wa Khasab kaniandikia:
Mwalimu, sekunde ya tisa
kuna kitu baina ya pigo na pigo,
kama pumzi inayobanwa,
kama mtu anajizuia kucheka.
Nimetafuta vitabuni sikuona.
Ni ugonjwa gani?

Nikaandika: si dalili, wala haimo mtihanini.
Nikafuta.
Nikamjibu:
una masikio mazuri, mwanangu.
Huyo ni mwenye moyo.