Nionyeshe Mama Yake

Nyuma ya kituo cha mafuta, njia ya Szolnok,
mtu wa koti la ngozi alifungua buti ya gari.
Boksi la ndizi. Ndani yake gazeti la jana.
Juu ya gazeti, kilebu wa rangi ya kutu,
tumbo limevimba kama ngoma, macho yana tongo.

"Ana wiki nane," alisema. Hakufika hata sita.
"Mama yake?"
"Yuko kwa daktari."
"Baba?"
"Alishinda kikombe."
"Na kadi ya chanjo?"
"Itakuja kwa posta, usihofu,
ila pesa taslimu, na upesi,
kuna mwenzio yuko njiani."
Kama simtaki huyu, ana wa kijivu, ana wa mabaka,
ana wadogo wa kubeba mfukoni, nitaje tu,
kama muuza soksi.

Nilijua. Ndilo linaloniuma.
Mbuzi wa guniani angalau hulia;
huyu alinyamaza, nami ukimya wake nikauita upole.
Kesho yake Bende wangu alikuwa anatimiza miaka tisa,
na noti zilikwisha kupata joto kiganjani.

Siku ya nne akahara damu.
Siku ya sita, Daktari Boglárka akazima taa ya meza,
akavua glavu moja, akasahau ya pili,
akauliza taratibu: "Mama yake ulimwona?"

Namba ya mtu wa koti haikupatikana tena.
Bende alizika kola nyekundu,
ilikuwa pana mno, haikuwahi kuvaliwa.

Rahisi huvunja upishi, wanasema.
Sufuria ningeinunua nyingine.

*

Gyöngyvér wa Karcag hakutaka kuniuzia.
Nilipopiga simu alisema hana vilebu mwaka huu,
jike wake anapumzika, picha za nyonga bado hazijasomwa,
"lakini njoo tunywe chai."
Nikaendesha mwendo mrefu, mvua ya mawe njia nzima,
kwenda kunywa chai nisiyokuwa na kiu nayo.

Chini ya meza ya jikoni alikuwapo mama mwenyewe,
Füge, yaani Tini. Alininusa viatu,
akafikiri, akalala juu yake.

Ndipo maswali yakaanza.
Saa sita mchana nyumbani yuko nani?
Ghorofa ya ngapi? Mwenye nyumba anajua?
Wewe dereva wa tramu, zamu ya alfajiri,
theluji ikijaa mlangoni atamtoa nani?
Ukiugua? Kazi ikiisha?
Nilijihisi mposaji aliyekuja mikono mitupu,
mjumbe hana, na ukoo wake unachunguzwa.

"Umewahi kuwa na mbwa?"

Ningeweza kusema hapana. Siku sita si kuwa na mbwa.
Nikasema yote: buti, gazeti, noti, kola.

Hakunifariji. Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.
"Yule mama yuko mahali," alisema,
"bandani, gizani. Huenda ana mimba tena sasa hivi.
Ile mimba, wewe umeilipia."

Füge akahema usingizini. Miguu yangu ilikufa ganzi
na sikuthubutu kuisogeza.

Foleni ilikuwa mwaka na nusu.
Mkataba, kurasa nne; ya tatu nimeikariri:
*ukishindwa, mrudishe kwangu, usiku au mchana,
awe na miaka kumi na miwili, awe kipofu, mrudishe.*
Yule wa kituo cha mafuta hakuniuliza hata jina.
Kwake jibu la kila kitu lilikuwa ndiyo.

*

Vilebu saba, kila mmoja na uzi wake shingoni.
Kuchagua haturuhusiwi. "Wa bluu ana wazimu wa mbio,
kwenye ghorofa atakula ukuta. Wenu ni wa kijani,"
na wa kijani alikuwa anapigana na kamba ya kiatu changu.

Bende, kumi na moja sasa, sauti inaanza kuvunjika,
hakumgusa.
Alikwenda kwanza kwa Füge, akapiga magoti,
akamnyoshea mkono aunuse,
akauacha pale,
muda mrefu.

Gyöngyvér akainuka, akaanza kutafuta kalamu.