Kelele Zetu Wenyewe

Kabla ya kuisikiliza ardhi
ilibidi mashine itujue sisi.

Ndivyo alivyonieleza Sechonge
asubuhi tunafunga kihisi cha sumaku mkiani
kwa gundi na skrubu za shaba,
Kapteni Salanga kaegemea bawa, anakunywa chai,
hasemi kitu.

Ardhi haikai kimya, alisema Sechonge.
Mwamba wa Bahi hauvuti kama mwamba wa Kongwa,
na chini ya mashamba ya uwele ya Kigwe
umelala mshipa wa chuma
usiohama, usiozimwa na mtu yeyote.
Ramani yake tunayo.
Kazi ni kuusikia.

Maana ndege nayo ina midomo yake:
jenereta, pampu ya mafuta, taa za mabawa,
redio kila inapofunguliwa.
Kibanio cha nywele cha Kapteni
kiliwahi kuhamisha vilima vya Chenene
maili moja na nusu kuelekea kusini.

Basi siku kumi na tisa tukazunguka juu ya Bahi,
kulia, kushoto, pua juu, pua chini,
tunapepeta,
na pumba ni sisi.
Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika.
Saa mbili na dakika kumi na nne: feni imewashwa.
Saa mbili na kumi na sita: feni imezimwa.
Saa mbili na nusu: nimetapika.
Usiku, chumbani Ipagala, kompyuta ikayala yote hayo,
ikakisia, ikakosea, ikasahihishwa,
ikakosea tena, pungufu kidogo.

Siku ya ishirini tulikuwa tunarudi kutoka Manyoni.
Vumbi likasimama
toka mizizi ya nyasi hadi juu ya vichwa vyetu,
jekundu, zito, halina mlango.
Skrini ya setilaiti ikasema: mko Kondoa.
Haikusita. Haikupepesa.
Nukta ya kijani, imetulia
kama shahidi aliyelipwa.

"Kondoa ni kwetu," akasema Kapteni,
neno lake la kwanza tangu turuke.
"Hewa ya kwetu hainitikisi hivi."

Mashine ya Sechonge haikutoa nukta.
Ilichora duara, pana, la aibu,
Bahi nzima na nusu ya reli ndani yake:
mmo humu, sijui wapi hasa.
Nilitaka kuipiga kofi.
Kapteni aliitazama kwa muda mrefu,
akaizima ile ya kijani.
"Nitamfuata huyu anayekiri," akasema.

Tukaenda.
Duara likasinyaa, likapanuka, likasinyaa.
Halafu Kigwe ikapita chini yetu, hatukuiona,
ila mstari ukaruka kwenye karatasi
kama mtu aliyeitwa jina lake,
na duara likawa dogo, likatosha shamba la mtu mmoja.

Wanasema mji huu ulipewa jina la kuzama,
kwa tembo aliyekwama topeni.
Sisi tulizama kwa juu,
vumbi likatutema,
na uwanja ulikuwepo,
si mbele yetu. Kushoto.
Mita mia nne kushoto.

Kapteni alipinda, akatua, akaomba chai.
Sechonge alikaa chini ya bawa na namba zake,
anarudia, anarudia:
mia nne zimetoka wapi?

Ndipo nilipotia mkono mfukoni.
Kufuli la stoo, la chuma, zito kama kosa.
Asubuhi nililisahau.
Angani, vumbi lilipotufunga, nililitoa,
nikalishika kwa mikono miwili hadi tulipogusa ardhi.

Nilimwonyesha. Hakunigombeza.
Alinipa daftari tu, na kalamu.

Saa tisa na dakika arobaini, nikaandika: kufuli.
Nikafikiri kidogo.
Nikakata, nikaandika: hofu,
nikampa aikabidhi mashine,
ili siku nyingine iijue na hiyo,
iitoe.