Kituo cha Kumi na Moja

Wichita, mwezi wa pili, saa tisa usiku.
Ng'ambo ya barabara wamefungua kingine:
paa jekundu lile lile, pampu nane zile zile,
bei ile ile mpaka senti,
na mashine ya kahawa, bila shaka,
inakoroma kama hii yetu.

Pale Bi Lorene Stucky alikuwa akitengeneza cherehani,
miaka thelathini na minne.
Siku ya kukabidhi funguo
alinigawia sindano tatu ndani ya kiberiti.
Sijashona kitu.

Meneja wa kanda alisema mji una kiu, tusihofu.
Tukaitikia: hewala.

Gari moja limesimama katikati,
taa ya kushoto ikapepesa,
ikapepesa ya kulia,
likaenda zake.

Wa zamu kule simjui jina.
Hunipungia mkono kiooni, nami humpungia,
fulana moja, mwajiri mmoja,
na kila Ijumaa tunasomewa nani kamshinda nani.

Jana alivuka barafu nusu akiteleza,
koti limefungwa vifungo kombo, ndoo mkononi:
wameishiwa chumvi ya kumwaga mlangoni,
mteja keshaanguka.

Chumvi!
Kwetu Mikindani jirani akija na kibakuli
humpimii.
Nikapasua mfuko, nikamjazia ndoo mpaka ikamwelemea,
tukaibeba wawili hadi kwenye mstari wa njano.

Asubuhi kompyuta iliuliza mfuko mmoja uko wapi.
Ikanipa majibu manne ya kuchagua:
umeibwa, umeharibika, umeuzwa, haukufika.