Madumu Manane

Kitabu cha mwaka wa tatu, ukurasa wa mia mbili na sita,
kinasema: chimba shimo, kipenyo sentimita thelathini,
lijaze maji, liache lishibe usiku kucha,
asubuhi lijaze tena, ushike saa.
Hakisemi maji yanatoka wapi.

Mimi ni wa Newala. Najua yanatoka wapi.
Yanatoka bondeni, yakipanda mlima kwa bodaboda,
madumu sita sita, yamefungwa kwa mpira wa tairi,
na mvua ikishakatika
bei ya dumu hupanda kuliko pikipiki.

Basi nimerudi nyumbani, mafunzo kwa vitendo, wiki nane,
kofia ya njano, buti za kuazima zinanipwaya.
Kazi: vyoo vya shule ya msingi, matundu kumi,
na swali moja la mhandisi, Bwana Nalicho:
"Ardhi ya hapa inanyonya kwa kasi gani?"

Fundi Ankoni, anayechimba vyoo tangu sijazaliwa,
alicheka hadi sururu ikamtoka mkononi.
"Kasi gani? Ardhi hii haina adabu.
Unaipa, haisemi asante. Inakutazama mkono mwingine."

Nikamimina.
Dumu la kwanza sikuliona lilipokwenda.
La pili. La tatu.
Watoto wa darasa la nne wakajipanga kando ya shimo,
kimya, kama watu wa mazikoni.
Mmoja akatoa kikombe cha plastiki,
akakinga chini ya mdomo wa dumu,
bila kuomba, bila kuiba pia.
Nikamwacha anywe.
Hilo nalo halimo ukurasa wa mia mbili na sita.

Jioni akaja mama kutoka shambani,
kilemba kimejaa vumbi la salfa.
"Somoe, unamwaga nini?"
"Napima, mama."
"Unapima nini?"
"Muda."
Akayatazama madumu moja moja, kama anayehesabu mbuzi zizini.
"Ada yako ilikula magunia. Mtihani nao unakula madumu?"
Ankoni akageuka, akajifanya anatafuta kamba.

Usiku sikulala. Shimo linashiba kule, mimi nina kiu.
Nikatoka na tochi, nikafunua tangi la marehemu baba,
lile alilolichimba chini ya ukingo wa bati
mwaka nilioanza chekechea.
Hakuwa na cheti. Hakuwa na mchoro. Kipimo chake dhiraa.
Nikashusha kamba, nikapiga hesabu kiganjani:
pai, nusu kipenyo mara yenyewe, mara kina.
Lita elfu kumi na moja na ushei.
Nikagawa kwa midomo minne,
nikagawa kwa siku za kiangazi,
lita kumi na tano kila mdomo, kila siku,
na yakabaki madumu matatu.
Alijua. Alijua hata kuviringisha pembe za sakafu
ili saruji isipasuke,
jambo nililofundishwa muhula wa tano
nikapata hamsini na nane.

Asubuhi mama alitangulia kufika shimoni.
Alikaa juu ya tofali, akanyoosha mkono: "Lete hiyo simu."
Mimi niko na rula, yeye yuko na saa,
ananisomea: "Sasa."
Kimya.
"Sasa."
Bado amenuna. Hakukosea hata sekunde.
Milimita ishirini na tano kwa dakika nne.

Kwenye ripoti, jedwali la gharama, niliongeza mstari:
maji ya majaribio, madumu manane,
yamelipwa na Bi Asumini Nandonde, mkulima.
Mhadhiri akaukata kwa wino mwekundu.
Pembeni akaandika: Hauhitajiki.
Nimeurudisha.

Vyoo bado havijaanza, fedha zinasubiriwa.
Kila nikipiga simu nyumbani
Fundi Ankoni anadaka, anauliza
kama lile shimo limeshafaulu.