Belo la Januari

Nimefungua belo leo asubuhi, soko la Newala,
mvua ikipiga bati kama mtu anayedai deni,
na ndani, badala ya madera na fulana za watoto,
makoti.
Makoti matupu, mazito kama mgonjwa wa kubebwa,
yenye manyoya shingoni,
makoti ya watu wanaoogopa anga.

"Hapo umeliwa, Somoe," akasema Chinduli wa bodaboda.
"Subiri kipupwe."
Kweli. Mwezi wa saba ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma
ukakaa juu ya mji kama mgeni asiyeaga,
ndipo vijana wa pikipiki hunijia, meno yakigongana,
wakalipa bila kuuliza bei mara mbili.
Leo jasho linanitiririka mgongoni
na watu wananunua majembe.

Mchana akapiga Mfaume.
Mdogo wangu, tuliyemsomesha kwa magunia kumi na saba ya korosho
na mkopo wa chama tusioutaja mbele ya mama.
Yuko kaskazini, mji ambao jina lake
mama hulitamka kila siku namna yake.
Uso wake kwenye kioo ulikuwa macho tu, na skafu.
"Dada, nyuzi hasi arobaini na tatu.
Wazee wa huku wanasema hawajaiona tangu wazaliwe.
Wamepekua madaftari yao yote. Haimo."
Kope zake zilikuwa nyeupe.
Nikadhani unga.

Mama akaninyang'anya simu.
"Mwanangu, umevaa sweta?"

Mama anajua baridi mbili:
ile ya Julai, mikorosho inapotoa maua,
na ile ya homa.
Barafu kwake ni ya ukwaju, shilingi mia,
watoto wanaing'ata pembeni mwa kimfuko.
Akauliza, "Hiyo hasi, hasi ya nini?
Nani anadaiwa?"
Mfaume akacheka, moshi ukamtoka mdomoni.
"Na sigara unavuta!"

Basi akatuonyesha.
Akafungua dirisha, akarusha nje kikombe cha maji ya moto.
Hayakufika chini.
Yalitoka maji, yakawa vumbi,
vumbi kama la salfa tunayopulizia mashambani,
likaenda na upepo.

Hapo mama akanyamaza.
Sisi tuliokua tukishuka bondeni kabla ya alfajiri,
tukipanda na ndoo kichwani, shingo haigeuki,
tone likidondoka unapigwa kofi,
mwanawe anayamwaga
na ardhi haiyapati.

Simu ikakata. Nikarudi kwenye belo.
Koti la bluu, zito kuliko yote, kifungo kimoja hakipo.
Mfukoni, glavu moja, ya kushoto, ya mtoto,
na tiketi iliyokunjwa mara nne.
Siwezi kuisoma. Lakini herufi zile nazijua,
nimeziona sasa hivi
juu ya duka lililo ng'ambo ya dirisha la Mfaume.

Nikalipeleka posta.
Binti akaliweka kwenye mizani: kilo tatu na nusu.
Akataja bei.
Nikamwomba aitaje tena.
Kwa bei ile ningenunua belo zima, na nauli ya kulileta.
Limevuka bahari kuja huku kwa bei ya mchicha,
kurudi kwao linataka gunia la korosho.
Nikalikunja, nikalibeba begani, mvua ikaninyeshea mimi na lenyewe.
Chinduli akanipita akipiga honi, anacheka.

Usiku nimeamka kunywa maji.
Taa ya jikoni inawaka.
Mama amekaa kwenye kigoda, koti mwilini,
kofia yake imemfunika hadi kwenye nyusi,
jasho linamdondoka kidevuni,
na ile glavu ya mtoto
ameivaa kwenye vidole vitatu.

"Mama, vua. Utazimia."

"Niache kwanza," akasema.
"Nalipasha moto."