Joho Mlangoni

Miaka kumi na tisa nimechambua neva za ngisi
kule Montemar, pwani ya Chile, maji baridi ya kukata kucha,
kwa mkasi mwembamba kama kope,
mpaka uzi mmoja utoke mzima, mnene kama utambi.
Mwenye uzi keshakaangwa kwa vitunguu na mlinzi wa lango,
lakini uzi, ukiguswa na umeme, ungali unajibu.

Profesa Oyarzún alinifundisha kusoma kioo:
mlima wa kijani, unapanda na kushuka
kabla jicho halijapepesa.
Maumivu ni habari tu, alisema, habari inayokimbia.
Sodiamu inasukumana kuingia,
na kila mlango ukifunguka humwamsha jirani yake.

Tukadondosha lidokeini.
Mlima ukawa kilima, kilima kikawa tuta,
tuta likalala likawa mstari.
Nilidhani tumeiua neva.
Tukaisuuza kwa maji ya bahari. Mlima ukarudi,
kana kwamba hapakupita kitu.

Utando wa neva ni mafuta, tabaka mbili zilizogusana matumbo.
Dawa hubisha hodi imevaa joho la protoni,
na mafuta hayamfungulii mwenye joho.
Sharti ivue. Ipenye uchi,
ikifika ndani ivae tena,
ikakae kizingitini mwa sodiamu, upande wa ndani,
upande usiotazamia mgeni.
Na mlango unaofunguka sana ndio unaozibwa upesi.

Haya nilikuwa nawaambia wanafunzi huku natafuna tufaha.

Mpaka Agosti ile. Gego la chini, kushoto,
shavu limeumuka kama unga wa hamira.
Daktari Millaray Quintupil, kijana bado, mikono mikavu,
akachoma sindano. Akachoma ya pili.
Akaligonga jino kwa chuma
nikaona nyota saa nne asubuhi.

Nikacheka kwa nusu ya mdomo, machozi yakinitoka,
maana nilijua.
Penye usaha pana tindikali,
na penye tindikali majohо hugawiwa bure:
dawa yote ilikuwa nje, imevikwa, haiwezi kuvua.
Mgeni njoo, mwenyeji apone —
na mgeni kasimama mlangoni,
na mwenyeji anaungua,
na baina yao ule utando
niliowahi kuushika kwa kibano mara elfu.

“Magadi,” nikasema. “Yale ya hospitali. Tia kidogo.”
Akanitazama kama mgonjwa aliyeagiza chai.
Kisha akafikiri. Nilimwona akifikiri.
Penye udhia penyeza rupia:
akachanganya, akachoma mbali, nyuma ya taya,
neva inakopita kabla haijafika kwenye uchafu.

Dakika nne.
Mdomo ukaanza kuwa wa mtu mwingine,
mtu mnene, mpole, asiyenidai chochote.
Nilisikia gego likivunjika
kama mtu anavyosikia fanicha ikiburutwa kwa jirani.

Usiku damu ilinisuuza.
Kwanza mwasho kwenye kidevu, kisha ncha ya ulimi,
kisha, taratibu, ule mlima.
Nilikaa jikoni bila kuwasha taa,
kidonge mkononi, sijakimeza,
nikiuhesabu.